Mtu wa Saa Nane Mchana

Kwa mara ya tatu asubuhi ile, Deeq alipita mbele ya mlango wa jimu, simu sikioni, akimgombeza mtu kwa sauti kuhusu mzigo uliochelewa kufika dukani kwake. Simu yenyewe ilikuwa imezimika tangu jana.

"Waryaa Deeq!" Mursal, msimamizi wa jimu, alimwita kutoka dirishani. "Utapita mpaka lini? Mlango hauumi."

"Nina kazi, walaal. Kesho, inshallah."

Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miezi minane. Kabla ya harusi yake Deeq alikuwa akiinua kilo mia moja, na vijana wa Garissa walimpisha njia. Kisha akamwoa Kaaha, na ukoo mzima wa wakwe ukamvamia kwa masinia: wali na mbuzi mchana, nundu ya ngamia jioni, maziwa katikati. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, tumbo lililoingia msikitini kabla yake, na presha ambayo daktari alisema ni ya mzee wa miaka sabini.

"Rudi mazoezini," daktari alimwambia, "au uandike wasia."

Kifo Deeq angekivumilia. Kicheko cha vijana wa jimu, hapana.

Na kuliko vijana wote alimwogopa baba mkwe wake, Mzee Nunow, mfanyabiashara wa ngamia ambaye ulimi wake ulijulikana kutoka Balambala hadi Hadado. Ijumaa moja walipokula kwake, Kaaha, akiandaa chakula, aliponyokwa na neno kwamba mumewe anafikiria kurudi jimu. Mzee alicheka mpaka ndevu zake, zilizopakwa hina juzi tu, zikatetemeka.

"Kukimbia bila kufika popote? Hata punda wangu hadanganyiki hivyo! Mwanamume akikonda baada ya kuoa, watu watasema binti yangu hajui kupika. Unataka kuniaibisha, kijana wangu?"

"Hapana, adeer."

"Basi kula."

Akasukuma pande zima la mafuta upande wa Deeq katika sinia. Yeye mwenyewe alitafuna kipande cha tikiti maji, akanawa.

Deeq alikula, huku moyoni akiapa. Angerudi, ila asionekane na kiumbe. Akachagua saa nane mchana, wakati jua la Garissa linapowafungia watu majumbani na mbuzi wanagombania kivuli cha nguzo ya umeme.

"Saa hiyo yuko mmoja tu," Mursal alimwonya. "Ameniapisha nisimtaje jina, na hataki kusemeshwa. Fanya yako, naye afanye yake."

Siku ya kwanza Deeq aliganda mlangoni, jasho likimtoka kabla hajagusa chochote. Ndipo akamwona: mtu wa kitambi, amevaa koti katika joto lile, kichwa amekifunika taulo juu ya kofia, uso ameuelekeza ukutani. Alikuwa akihema juu ya mashine ya kukimbilia kama lori lililokwama mchangani njia ya Wajir.

Moyo wa Deeq ukatulia. Kumbe duniani kulikuwa na mwoga kumshinda yeye.

Kwa wiki mbili walifanya mazoezi wakipeana migongo. Yule akikimbia dakika tano, Deeq alikimbia sita. Yule akikohoa, Deeq alikohoa kumjibu. Hakuna aliyemcheka mwenziwe. Siku ya kumi Deeq aliinuka kutoka sijida bila kuegemea sakafu, akajikuta anampenda yule mtu asiye na uso kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Siku ya kumi na nne akakata shauri: kuanzia kesho angekuja jioni, mbele ya vijana wote. Wacheke mpaka wachoke.

Alikuwa anafunga mkoba aondoke aliposikia mtu akikoroma. Chuma kilikuwa kimemlalia mwenzake kifuani, na miguu ilikuwa ikipiga hewa. Deeq aliruka, akakishika kile chuma kwa mikono miwili, akakiinua na kukirudisha mahali pake. Taulo likaanguka. Kofia ikafuata.

Mzee Nunow alikuwa amelala chali juu ya benchi, macho yamemtoka.

Deeq alihisi jimu na ndoa yake vikizunguka pamoja. Akainamisha uso kama mkwe mwenye adabu, akingojea ule ulimi.

Mzee alimshika kiwiko, akamvuta karibu. Sauti yake, kwa mara ya kwanza tangu Deeq amjue, ilikuwa ndogo.

"Kijana wangu," alinong'ona, "mama yake Kaaha asijue. Naoa Ijumaa, na bibi harusi amesema hataki kitambi."