Paka Kijani

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini anayelisikia huvunjiwa nyumba. Bosi alisimama nyuma ya kiti cha mchoraji wa ramani, akanyoosha kidole kwenye kona ya skrini.

"Hiyo ifute, dada. Paka kijani."

Mji mzima ulikuwa umesimama mbele yao. Droni ilikuwa imepita juu ya kila paa, kompyuta ikazishona picha zake hadi kuta zikainuka, ngazi zikapanda, matangi ya maji yakatupa vivuli. Ungeweza kuuzungusha mji ule kama sahani. Na pale kwenye kona, katikati ya majengo ya vioo, palikuwa na nyumba moja ya bati.

"Kaka, hii nyumba ipo. Ina mtu ndani."

"Ina kizee mkaidi. Nimemwambia ahame mpaka mate yakanikauka. Unajua anavyonijibu? Ananiuliza kama nimekula!"

"Ndiyo umfukie kwenye nyasi?"

"Mnunuzi akiona kiwanja kitupu, anasaini leo. Akiona bati, anaanza maswali." Bosi akacheka. "Usiogope uongo. Tingatinga likishapita, ramani yako itakuwa kweli tupu. Wewe umetangulia kidogo tu."

Mchoraji akaigeukia skrini. Akabonyeza. Nyumba ikazama, nyasi zikaota juu yake. Bosi akampigapiga begani, akatoka akipiga mluzi.

Mnunuzi alikuja na tabasamu na haraka zake.

"Karibu sana, kaka, jisikie nyumbani," bosi alimvutia kiti.

"Nimekaribia. Haya dada, tuonyeshe mali."

Mji ukajaa ukuta mzima. Mchoraji akaupeleka taratibu, mtaa kwa mtaa, mpaka kwenye kona. Nyasi hazikuwapo. Nyumba ilikuwa imesimama na kutu yake yote, na bati lake lililojikunja upande wa jikoni, lile linalovuja. Uani palikuwa na mtu aliyeinua uso, kiganja juu ya macho, akiishangaa droni.

Mnunuzi akaacha kutabasamu. "Mliniambia pako wazi. Huyu ni nani?"

"Si mtu!" Bosi aliruka kutoka kitini. "Yaani, mvamizi tu. Kizee fulani, hata jina lake silijui. Huyu dada kaharibu kazi. Dada, futa hiyo takataka! Halafu muombe radhi mgeni wetu, na mimi uniombe!"

Mchoraji akasimama.

"Jina lake hulijui? Alikunyonyesha wewe, kaka, kisha akaninyonyesha mimi. Radhi siombi."