Wino Mbichi

Ijulikane kwa walio karibu na walio mbali kwamba bingwa wa kughushi barua za ruhusa bwenini, mheshimiwa Kalamu, aliingia hospitalini kumwokoa dada yake. Aliingia na ndala mbili, zote za mguu wa kushoto.

Mtoto aliyekuwa tumboni mwa dada hakuwa na fuvu; picha tatu zilisema hivyo. Sheria iliruhusu mimba kama hiyo itolewe kabla ya siku mia na ishirini, roho haijapulizwa, kwa idhini ya jopo la madaktari na shehe. Shehe wa jopo alikuwa amekubali, ila alikawia wiki tatu kutia sahihi.

Daktari alihesabu kutoka kwenye kadi ya kliniki. "Mia na kumi na tano. Alhamdulillahi, mwanangu, umewahi."

Dada alijifunika uso kwa mtandio, akalia kwa mara ya kwanza tangu apigwe picha. "Nilijua nimechelewa. Huyu mdogo wangu ndiye aliyeniambia nije tu."

Daktari alipitisha kidole gumba juu ya tarehe. Kadi ilikuwa imeandikwa miezi mitatu iliyopita, lakini kidole kilitoka na wino wa buluu. Akakitazama, kisha akavitazama vidole vya Kalamu.

"Kuna nini, daktari?" dada aliuliza.

Kalamu alitafuta utani, kama alivyozoea mbele ya matroni wa bweni. Haukuja.

"Ni mimi," alisema. "Dada hajui kitu, msimshtaki. Siku ni mia na ishirini na mbili."