Kovu la Muthoki

"Litoe lote," Kalondu alisema. "Isibaki hata alama."

Yakub aligeuka kutoka kwenye kompyuta, akamtazama yule mama, kisha akamtazama binti yake. Muthoki alikuwa ameketi kwenye stuli kando ya pazia la studio, mikono mapajani. Kovu lilianzia chini ya jicho la kushoto, likashuka na shavu lote hadi shingoni.

"Ni moto?" Yakub aliuliza taratibu.

"Nyumba iliungua kiangazi kilichopita," Kalondu alijibu.

Walikuwa wametoka mbali, Tseikuru huko, kwa mara ya pili sasa. Walikuja kwanza kupigwa picha. Leo wamerudi kuisafisha. Mwaka huo wa tisini na nane, Kitui mjini kila mtu alijua kwamba Yakub ana mashine ya kulainisha sura. Alikuwa amewafutia maharusi chunusi na wazee wa kanisa makunyanzi, na wote wakaondoka wakicheka. Lakini kazi hii haikumpendeza. Wazazi wa namna hii alishawaona. Kuna mchumba mahali, na picha inatangulizwa ili posa isirudi nyuma.

Hata siku ya kupiga picha moyo wake ulikataa. Kalondu alizifumua nywele za msichana, akazichana upande, akarudi nyuma kumwangalia, akazichana tena.

"Cheka," alimwambia.

Muthoki akatabasamu kidogo.

"Si hivyo. Cheka na meno. Si unajua vile?"

Muthoki akacheka na meno, macho yamemjaa machozi, na Yakub akabonyeza kamera upesi ili amwondolee adhabu ile.

Sasa uso ule ule ulikuwa mbele yake kwenye kioo cha kompyuta.

"Mama, usinielewe vibaya," alisema. "Lakini huyo mtakayempa hii picha, si siku moja atamwona kwa macho?"

"Hakuna atakayemwona kwa macho," Kalondu alisema. "Fanya tu kazi, Bwana Yakub. Tafadhali."

Yakub akarudi kwenye kompyuta. Kumbe wanataka kumficha mtoto mpaka siku ya harusi.

Akaanza. Alichukua ngozi ya shavu la kulia, kipande kidogo kidogo, akaibandika juu ya kovu la kushoto. Shingo ikawa laini. Kidevu kikarudi. Muthoki aliinuka akaja kusimama nyuma yake, na Yakub akasikia pumzi zake zikibadilika. Alipogeuka, msichana alikuwa analia bila sauti.

"Ukitaka nitaacha," alimnong'oneza. "Sema tu, mwanangu."

"Endelea, baba," Muthoki alisema. Akanyoosha kidole. "Hapa chini ya jicho bado."

Akaendelea, ingawa mkono ulikuwa mzito. Kovu lilipokwisha kabisa, kwenye kioo palibaki msichana mwenye uso mwororo, nywele zimelala upande, anacheka kama mtu ambaye hajawahi kupatwa na baya lolote duniani. Muthoki alifunika mdomo kwa kiganja.

Picha ilipotoka, Kalondu aliipokea kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu. Akajiketisha kwenye benchi, akaikumbatia kifuani.

"Mwana wakwa," alisema kwa Kikamba, akiyumba mbele na nyuma. "Mwana wakwa."

Mwanangu! Na mwana mwenyewe alikuwa amesimama pale pale, shavu lake limeungua, hatazamwi hata kwa jicho la pembeni. Yakub, baba wa mabinti, alishindwa kuvumilia.

"Mama, Mungu hapendi," alisema. "Huyu mtoto ni mzuri na kovu lake. Moto haukuwa kosa lake. Kwa nini unamwonea haya damu yako mwenyewe?"

Kalondu alizidi kuikumbatia picha. Ni Muthoki aliyemwendea, akapiga magoti kando ya benchi, akamshika mama yake mabega. Kisha akamtazama Yakub, bila hasira.

"Hanionei haya, baba," alisema. "Huyo kwa picha si mimi. Ni Mutindi, pacha wangu aliyekufa kwa moto ule. Tulimzika kabla hajapigwa picha hata moja."