Taarifa Kutoka Dokkum

Jumamosi saa tatu asubuhi, Sietse Terpstra alikuwa akifuta vumbi kwenye kompyuta ambayo haikuwa imewaka kwa miaka sita, akiangalia isije ikawa safi kupita kiasi.

"Iwekee na kikombe cha kahawa pembeni," mkewe Hiske alisema kutoka mlangoni. "Ionekane inaishi na watu."

Akaweka.

Ilikuwa Halder 300, mashine nzito ya mezani waliyoitumia zamani wachora ramani, kazi ya kampuni iliyokwisha kufa na kusahaulika. Duniani kote watu waliobaki nayo walikuwa wawili. Evert Haverkort wa Utrecht ndiye aliyekuwa fundi: kila mfumo endeshi wake, programu ya bure ya ukoo wa Unix inayoiendesha kompyuta, ulipotoa toleo jipya, yeye alikaa nalo wiki kadhaa, akiandika upya hiki na kile mpaka likubali kufanya kazi kwenye Halder. Sietse, huku Dokkum, alilijaribu na kutuma taarifa. Waliandikiana hivyo miaka kumi na minne. Ana kwa ana walikuwa wamekutana mara moja tu, Brussels, wakala chipsi wamesimama na kuzungumza habari za diski.

Halder ya Sietse ilifuka moshi ikafa wiki ile ile mke wa Evert alipofariki. Barua pepe ya Evert ilikuwa fupi. Truus tumemzika jana. Toleo jipya liko tayari. Lijaribu ukipata nafasi.

Sietse aliona si siku ya kumpa mtu habari mbaya nyingine. Akaandika: "Limewaka. Safi."

Baada ya hapo ilikuwa vigumu kurudi nyuma. Mara mbili kwa mwaka alituma taarifa, na ili asishukiwe akaanza kulalamika kidogo. Mwaka juzi alisema saa ya mashine inachelewa dakika nne kila siku. Evert alihangaika nayo miezi mitatu, akatuma marekebisho. Sietse akajibu kwamba sasa inakwenda vizuri, ahsante.

Mambo yaliharibika pale wasimamizi wa mfumo walipotangaza kwamba wataiondoa Halder kwenye orodha ya mashine wanazozitolea matoleo, kwa kuwa hawakuwa na hakika kama bado kuna anayeitumia. Walitaka video ya mashine ikiwaka, kabla ya mwisho wa mwezi. Ikiondolewa, wazee hawa wawili wasingekuwa tena na cha kuandikiana. Evert akasema atakuja mwenyewe Dokkum kupiga video hiyo, maana kwake mwanga si mzuri.

Alifika saa tano, mrefu, koti la mvua limemfika magotini, boksi la keki mkononi. Alimpa Hiske keki, akaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaiwekea kiganja juu kama anayempapasa ng'ombe.

"Saa bado inakwenda sawa?"

"Haijakosea hata sekunde," Sietse alisema.

"Na ikiwaka, bado inatoa ule mlio wake?"

"Inatoa."

"Vizuri," Evert alisema taratibu. "Vizuri sana." Akatoa simu mfukoni. "Haya, bwana. Iwashe."

"Tunywe kahawa kwanza."

Walikunywa. Hiske alimpa kila mmoja biskuti moja, akafunika kopo. Walizungumza habari za mvua, halafu za treni, halafu za mvua tena. Kikombe cha tatu kilipokwisha, Evert aliichukua simu yake kwa mara nyingine.

"Sietse," Hiske alisema, "mwenzako ana treni ya kurudi. Mwambie."

Sietse aliangalia mikono yake.

"Haiwaki, Evert. Imekufa miaka sita iliyopita. Nilijua wewe hutumi kitu kabla hujakijaribu kwenye ya kwako, kwa hiyo nilikuwa naandika tu kwamba ni safi."

Evert alishusha simu.

"Na ile saa?"

"Niliitunga."

"Miezi mitatu, Sietse."

"Najua. Nisamehe."

Evert alishika kijiko akakoroga kikombe kisichokuwa na kitu ndani, akakoroga tena. Hiske aliinuka, akafungua boksi, akakata keki vipande vikubwa kuliko kawaida yake.

"Ya kwangu iliungua Truus akiwa bado hospitali," Evert alisema hatimaye. "Ningeacha siku ile ile. Lakini nilijua kuna mtu mmoja huku Dokkum anaitumia."