Kipingamizi cha Limpho

Limpho aliketi benchi la nyuma kabisa, mtoto mgongoni, pete kidoleni. Aliyemvisha pete hiyo mwaka juzi, katika ofisi ya serikali kule Welkom, Afrika Kusini, alikuwa amesimama mbele ya altare kwa suti mpya, akimsubiri bibi harusi mwingine. Ndiye Mokete, aliyemwambia kuwa ni yatima, hana hata ndugu wa kumtuma ukweni.

Asubuhi hiyo Limpho alivuka mpaka kuingia Lesotho kwa ajili ya neno moja tu. Padri angeuliza kama kuna mwenye kipingamizi, naye angesimama. Kwao Wamethodisti mchungaji huuliza.

Bibi mmoja akaja kuketi kando yake, kajifunika blanketi hadi kidevuni. Mbele nafasi zilikuwa tele.

"Wewe si wa parokia yetu," bibi alinong'ona.

"Hapana, mama. Mimi Mmethodisti. Eti padri huuliza saa ngapi kama kuna mwenye kipingamizi?"

Bibi aliitazama ile pete. "Bado sana, mwanangu. Tulia. Ukiropoka kabla hujaulizwa, wale wanaume wa mlangoni watakutoa kama mlevi."

Bibi harusi akaingia na baba yake.

"Binti wa mwenye mabasi huyo," bibi alisema. "Ukoo mzima wa mwanamume umepumua."

Masomo yakasomwa. Mahubiri yakawa marefu, kama kawaida ya mapadri wakiona watu wamevaa vizuri. Mtoto akaanza kulia. Bibi akamshika kidole cha mguu, akakisugua polepole mpaka akanyamaza.

"Mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kushurutishwa?" padri aliuliza.

Limpho akainuka nusu. Mkono wa bibi ukamkandamiza goti.

"Hilo wanaulizwa wao. Lako linakuja."

Mokete akaapa kwa sauti ileile aliyomwapia yeye. Binti naye akaapa.

"Alichounganisha Mungu, mwanadamu asikitenganishe."

Vigelegele vikalijaza kanisa. Pete zikabarikiwa, zikavikwa. Limpho akamgeukia bibi.

"Mama, mbona hakuuliza?"

"Huku kwetu hutangazwa Jumapili tatu kabla ya harusi. Mwenye neno hulisema siku hizo. Leo kazi yetu ni kuitikia amina."

Mwanamke mmoja wa kamati ya harusi akaja mbio, jasho likimtoka.

"Jamani mama, umejificha huku? Wazazi wanapeleka vipaji, mkate na divai, altareni, na bwana harusi anauliza mama yake yuko wapi!"

Bibi akasimama, akavua blanketi. Gauni lake lilikuwa la kitambaa kilekile walichovaa wanawake wa benchi la kwanza. Akamfunika mtoto blanketi lile, taratibu, mpaka kichwani.

"Usiyaache wazi masikio haya," alimwambia Limpho. "Ni ya babu yake. Hayavumilii baridi."