Mbegu Chunguni

Tunu alifunua chungu akakuta mama yake anachemsha mahindi ya mbegu, yale yaliyoning'inia kwenye moshi juu ya jiko tangu mavuno.

“Mama, sasa tutapanda nini?”

“Kalenda ya Wamaya, wale watu wa kale, inaishia Ijumaa. Redioni wamesema ndiyo mwisho wa dunia.”

“Hata hiyo ya ukutani huisha kila Desemba. Tunanunua nyingine.”

Mama alikoroga polepole. “Nimezika ndugu zako watatu, Tunu, na baba yako. Ijumaa tunaondoka wote. Hakuna atakayebaki kumlilia mwenzake.”

Tunu aliupokea mwiko. Alichota punje moja, ilikuwa imeshapasuka. Juu ya bati, mvua ya kupandia ilianza kudondoka. Mama akasukuma kuni ndani.