Urefu wa Mvinje

"Huu ukianguka utavunja zahanati. Ukatwe leo," diwani alisema, akiuonyesha mvinje alioupanda marehemu mke wa Mzee Shamte.

"Umeupima, au umekisia ukiwa kitini?" Shamte aliuliza. Wakubwa! Hata ugonjwa wa mkewe waliukisia vivyo hivyo.

Binti mpima ardhi aliyekuja na diwani alishika kipimapembe, akarudi nyuma kuelekea zahanati mpaka akaiona ncha kwa pembe ya nyuzi arobaini na tano. "Pembe hii tanjenti yake ni moja, baba. Urefu wa mti ni sawa na umbali wangu toka shinani. Ongeza kimo changu tu, maana nimepima toka machoni."

"Weka changu. Nimekuzidi."

Shamte akalala chali, visigino palepale aliposimama binti, kichwa kikielekea ukuta wa zahanati. Diwani akainama kuitazama nafasi iliyobaki kati ya kofia ya mzee na ukuta.